Kiganja cha Kioo Safi

Gereji ya Mingoyo, alfajiri,
kabla malori ya korosho hayajaanza kugombea njia panda,
nabandika nyuzi kwenye mwili wa gari:
mia na sita, za katani, urefu wa kidole,
bonetini, milangoni, mgongoni mwa buti.
Mshamu anacheka: "Somoe, unalisuka nywele?"

Nalisuka. Upepo hauna rangi,
lazima uupe kitu cha kushika.

Kuelekea Mtama barabara ni tupu.
Yeye mbele, mimi nyuma kwenye pikapu, shingo dirishani.
Nyuzi za bonetini zimelala kwa adabu.
Nyuma ya kioo cha pembeni zinagombana,
na juu ya buti zinageuka, zinarudi mbele
kama wageni waliosahau viatu.

Hapo ndipo gari linapovutwa shati.

Mshamu alitaka injini nyingine.
Mimi nikakata bati la debe la mafuta,
nikalikunja, ribiti nane, ukingoni mwa buti:
mdomo tu, upana wa kidole.
"Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema.

Jumamosi vumbi jekundu la Nachingwea likatupima.
Vumbi halijui kubembeleza;
hukaa pale upepo ulipozembea.

Tuliporudi nilizunguka nyuma ya gari kwanza,
kabla ya kuuliza muda.
Kioo cha nyuma kilikuwa chekundu chote
isipokuwa kipande, katikati,
ukubwa wa kiganja changu,
na ndani yake uso wa Mshamu,
kimya,
akihesabu ribiti.