Mapipa ya Ibra

Saa kumi na mbili na robo, asubuhi, Ibra,
jua limeshaanza kudai chake juu ya bati la geti,
na miye, Raya binti Sleyum, bibi wa wajukuu wanne,
nimekaa kwenye usukani wa Yaris
yenye kibao chekundu mgongoni:
mwanagenzi huyu, mpisheni.

Mbele hakuna kitu. Mtihani uko nyuma.
Mapipa sita, na baina yao
nafasi ya gari na kiganja cha mkono.
Ingia kwa rivasi, anasema Thuwaiba, mwalimu wangu,
umri wake sawa na kitindamimba wangu,
shavuni tende, mkononi kikombe cha karaki.
Usikikimbie kioo, mama. Kioo hakikutukani.

Mara ya kwanza niliangusha pipa la kulia.
Mara ya pili nililiburura la kushoto,
likalia kama sufuria ya harusini.
Jioni ile mjukuu wangu Muhanna akauliza:
birmili kwa Kiswahili ni nini, bibi?
Pipa, nikasema.
Neno la kwanza kumpa. Ana miaka saba.

Leo ya tatu. Natazama kioo,
naye yumo. Kiti cha nyuma.
Miaka ishirini na miwili, abaya ya mkopo,
viatu vinambana, hataki kusema.

Namjua. Huyu ndiye aliyesimama
foleni ya benki, Ruwi, mwaka wa themanini na sita,
barua ya ukarani bado mbichi mkobani,
ndipo Bi Gharibu, dada wa mama,
wiki moja tangu ashuke kwenye ndege,
kanga ikichungulia chini ya baibui,
akamwita kwa sauti ya uani, Vikokotoni:
"We Raya! Mwanangu! Ndo wewe?"
Watu wakageuka.
Naye akajibu kwa Kiarabu alichokikariri miezi,
kila herufi ya koo imepigwa pasi:
Umekosea, mama. Sikujui.

Bi Gharibu hakubisha.
Aliinamisha kichwa, akaomba radhi.
Yeye. Akaniomba mimi radhi.
Mwaka haukugeuka, tukamzika.

Tangu siku ile nimemfungia msichana huyu
chumba kisicho na dirisha,
nimempa majina ambayo sijampa adui.
Mwacha asili, watu husema,
wala hawamalizi;
wananiachia nimalize mwenyewe, usiku.

"Mama, breki. Unalia, au jasho?"
Jasho. Kiyoyozi cha gari hili ni dua tu.

Haya, wewe. Sogea katikati nikuone.
Ulichoka kuulizwa wewe wa wapi,
kwa watu wa babu yako, kwenye mji wa babu yako.
Hukuwa mwovu. Ulikuwa mwoga,
na woga siku ile ulivaa vizuri kuliko sisi sote.
Radhi ya Bi Gharibu siwezi kukupa.
Ile ina mwenyewe, na mwenyewe yuko mchangani.
Lakini mshahara ule wa ukarani
ndio uliolea watoto watano,
na mimi sikuwahi kukushukuru.
Kaa. Kiti hicho ni chako.
Ila usukani sikupi.

Nikatia rivasi.
Pole, pole, shingo ikigoma,
yeye akinitazama, mimi nikimtazama,
pipa la kushoto likapita,
la kulia likaguswa kidogo,
likayumba, likafikiri,
likasimama.

Thuwaiba akaacha kutafuna.
"Ukipata leseni, mama, safari ya kwanza wapi?"
Jumatano, nikasema, sokoni kwa wanawake.
Yuko mmoja anauza bizari pale mlangoni,
hujiimbia Kiswahili akidhani hasikiki.
Mwaka wa tatu huu nanunua kwake kwa Kiarabu.
Kisha huyu nimrudishe nyumbani, avue viatu.

"Nani?"

Akageuka kutazama kiti cha nyuma.
Akaona mkoba wangu, na chupa ya maji.