Stempu ya Mikono Miwili

Zilifika Jumanne ndani ya gunia la posta,
hamsini kwa karatasi, bado zanukia wino.
Mikono miwili yashikana juu ya tufe,
vifungo vya shaba kwenye pindo za mashati,
na chini, kwa herufi zilizosimama kama gwaride:
USHIRIKIANO WA POLISI ULIMWENGUNI.
Shilingi tatu u nusu.

Kadzo wa dirisha la pili akauliza,
"Mbona hawana nyuso?"
Meneja akajibu, "Sheria haina uso. Uza."

Mimi nilinunua moja.
Sikuwa na albamu.
Nilikuwa na shimo.

Liko Kakoneni, nyuma ya nyumba ya mama,
jembamba kama mdomo wa sanduku la barua.
Hapo alisimama babu Mwambire,
kigango cha mhuhu, kichwa duara,
pembetatu zimeshuka kifuani hadi mchangani.
Tulipohamia shamba la pili tulimwacha palepale,
maana koma hafungashwi pamoja na masufuria.

Usiku mmoja akafungashwa.
Aliyelipwa twamjua. Harusini twampa mkono.

Kisha Ngowa, mfagiaji wa hoteli,
akaokota kitabu cha mnada chini ya kitanda cha mgeni.
Ukurasa wa thelathini na mbili: babu,
amemulikwa taa, hana kivuli.
Nguzo. Mbao. Afrika Mashariki.
Na bei, ambayo Ngowa aliisoma mara mbili
kisha akakaa kitako.

Nikawaandikia polisi wa mji ule.
Nikalamba stempu: utamu kidogo, uchungu baadaye.
Kadzo akashusha muhuri,
MALINDI ikaangukia kiganja cha kushoto.

Miezi saba. Likaja jibu
na stempu ya kwao, mikono ile ile,
ila yao imevaa glavu.
*Nguzo tumeiona. Tafadhali thibitisha
kwamba ni mali yako. Ambatisha risiti.*

Risiti ya babu!
Mama alicheka mpaka akashika ukuta,
halafu akaacha kucheka.

Kituoni wakamtuma Konstebo Barisa,
kijana wa Garsen, na baiskeli na futi ya fundi cherehani.
Akapiga magoti, akapima shimo,
akaandika upana, akaandika kina,
akachora ukingo wake kwa penseli aliyoilowesha ulimini.
Mama akatoka na kifuu cha mnazi,
akamimina taratibu. Mchanga ukanywa.

Konstebo alikuwa amevua kofia, sijui saa ngapi.
"Na hii," akauliza, "niiandikeje?"
"Andika bado ana kiu."

Akaandika. Nilimwona akiandika.

Siku ya kutuma, Kadzo akafunua droo:
zile za mikono zimekwisha,
watalii wamezimaliza.
Tukabandika mbili za samaki.