Karabina Sita

Duka la Kariithi liko ghorofa ya kwanza, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya mafundi wa giaboksi;
harufu ya grisi hupanda ngazi pamoja nawe.
Nimekuja na orodha iliyokunjwa mara nne:
karabina sita za kufunga, kwa kazi ya Jumatatu,
vioo vya jengo la bima kule Upper Hill, ghorofa kumi na tisa.

Anazimwaga kaunta nzima, zinalia kama vijiko siku ya harusi.
Hii nyekundu? Nyepesi, nzuri, ya kuning'iniza funguo.
Ubavuni, kwa herufi za sisimizi, imekiri yenyewe
kwamba si ya kupandia.
"Lakini ni bei nafuu," asema.
Mzigo wa mwenzio, Kariithi, ni kanda la usufi.
Na mzigo wa Jumatatu ni mimi.

Naokota nyingine, nasoma mgongo wake:
ishirini na nne kwa urefu,
nane kwa upana,
saba lango likiwa wazi.
Chuma kile kile!
Kivute kwa mgongo, kitabeba pikapu na viazi vyake.
Kivute kwa ubavu, kitabeba fahali mmoja.
Liache lango wazi, na fahali mwenyewe akonde kidogo.

Kwa nanga nataka feleji,
kwa sababu huko juu inasagana na bati la chuma mchana kutwa
na alumini huliwa polepole, kimya, kama sabuni.
Kiunoni alumini inatosha, mwili una mizigo yake mingine.
Na umbo la peasi, pana kichwani,
mafundo mawili yakae bila kukanyagana.

Sasa lango.
Ya skrubu nimeitumia miaka sita, siitukani.
Ila Julai ile, ya upepo na manyunyu,
kamba ya Wandera ilisugua ringi saa nzima,
robo mzunguko, robo mzunguko,
hadi nikaona, nikiwa kamba ya pili, ulimi uko uchi.
Nilimwita kwa sauti ya kawaida. Sijui niliitoa wapi.
Akafunga. Akacheka ndani ya lifti.
Kisha hakusema neno hadi Alhamisi.
Tangu hapo skrubu zangu zinafungwa kuelekea chini,
ili mtikisiko ukija unisaidie, usinidai.

Nne za feleji, zinazojifunga zenyewe.
Mbili za alumini, za skrubu.
Kariithi anataja bei, anasubiri nilie.
Leo silii. Nalipa, naomba risiti.

Nyumbani Umoja, Kemunto anachagua moja mfukoni,
ana miaka saba na jino moja pengo.
Namwambia hiyo haifunguki hivi hivi:
wahandisi walikaa chini wakafikiri,
sukuma, zungusha, bonyeza.
Ananitazama. Anasukuma, anazungusha, anabonyeza.
"Mama, mbona ni rahisi?"

Nachukua karabina. Ni rahisi kweli, kwa mwenye vidole na nia.
Kamba haina nia, najiambia. Upepo hauna vidole.
Ameshalala sasa, na mimi niko hapa jikoni
naibana lango kwa gumba,
naliachia,
nasikiliza mlio,
naibana tena.