Mnong'onezi

Miaka kumi na tisa nimeketi chini ya jukwaa,
kwenye kisanduku kinachonuka mafuta ya taa,
nikitazama kila igizo kuanzia viatuni.
Mfalme kwangu ni soli iliyotoboka.
Malkia ni kisigino kinachotetemeka kabla ya kuua.

Msimu ule Olomouc ilipoganda hadi kengele,
tulicheza habari ya msaga ngano
na mwanawe aliyerudi kutoka vitani.
Doležel akaja usiku kumi na moja mfululizo,
hana daftari, hana kalamu, koti halijakauka,
akakaa safu ya kwanza, pembeni, karibu na jiko la makaa.
Nilidhani anafuata joto.

Sasa ni Machi. Jukwaa ni lilelile,
ila hakuna mlango wa kinu, hakuna ndevu za gundi,
hakuna anayekufa.
Watu sitini wenye suti nyeusi, na mbao zao, na shaba zao.
Mimi sina kazi. Nimekata tiketi kama watu.

Msagaji amekuwa chelo nne:
ni yeye hasa, hasira yake huanzia tumboni.
Mama, ambaye katika tamthilia ana mistari sita tu,
yote ya kuuliza nani hajala,
Doležel amempa zumari na kurasa tatu,
nami nikang'amua kwamba sikuwahi kumsikiliza,
ingawa maneno yake nayajua kwa ghibu.

Midomo yangu inacheza. Siwezi kuizuia.
Bibi wa kiti cha kando ameusogeza mkoba wake.

Kisha onyesho la tatu, mwana mlangoni.
Hapo ndipo Bořivoj alipokuwa akisahau, kila usiku, bila kukosa,
akisimama mdomo wazi, theluji ya karatasi ikimwangukia,
nami kutoka shimoni nikimrushia:
Mama, nimerudi. Nusu nimeiacha.
Naye huyadaka, huyapaza, hupigiwa makofi.

Okestra ikanyamaza.
Kijiti cha kiongozi kikabaki hewani.
Nikahesabu moja, nikahesabu mbili,
na kutoka chini, chini ya kila kitu,
klarineti ya besi, peke yake, nusura isisikike,
ikanong'ona noti kumi na tatu.

Fidla zote zikazidaka, zikazipaza
kana kwamba ni zao tangu kuzaliwa.
Kama Bořivoj tu.

Ile noti ya tisa mpulizaji aliiteleza kidogo.
Nikamtamkia, polepole,
kutoka kiti namba arobaini na mbili.