Kitufe cha Juu

Shekuwe, uliniuliza kwenye simu ni mji gani huu,
usio na bahari wala msikiti wa karibu.
Nikakujibu, Aiken, mji wa farasi,
ukacheka mpaka ukakohoa.
Basi wafunge punda wako kwanza, unisikilize.

Hapa kuna barabara hazikutiwa lami kwa makusudi.
Si umaskini, ni heshima ya kwato.
Matajiri wanalipa kodi ili wapate vumbi.
Gari likikutana na farasi
gari ndilo linalopunguza mwendo,
linasogea pembeni kama mtu aliyekutana na mama mkwe.

Kuna daktari wa meno ya farasi. Wallahi.
Huja Jumanne na tupa ndefu kama mkono wangu,
husugua magego huku akibembeleza,
na kwa bili yake nyumba ya mama ingeezekwa upya,
chenji ikabaki ya vitumbua.
Kila blanketi la farasi limedariziwa jina.
Langu halina.

Saa kumi na moja alfajiri, kabla joto halijaamka,
naingia bandani na taa kichwani.
Harufu ile nikwambieje:
nyasi kavu, molasi, ngozi ya tandiko iliyopakwa mafuta,
na chini yake mkojo, tusidanganyane.
Vichwa ishirini na viwili vinachungulia milangoni
kama watoto wanaosubiri uji.
Tansy, jike mzee wa rangi ya majivu,
ananipumulia shingoni,
ndipo siku yangu inapoanza.

Dukani kwa Bi Odell Tarpley
unaingia kununua misumari,
unatoka baada ya dakika arobaini
na chupa ya pichi za siki usizoziomba,
na habari za binti ya nani kadai talaka.
Ananiita mpenzi. Humwita hivyo kila mtu,
hata aliyekuja kumdai.

Napapenda, Shekuwe. Sikutarajia.
Mialoni imeshikana mikono juu ya njia,
na jioni mtu akipita mwendo wa matiti
hukuinulia kofia hata kama hakujui.
Ila sikufichi: wapo wanaoniona
nikiwa na hatamu mkononi tu.
Nikienda peke yangu, macho yao yananipita.

Sasa, kwenye taa za barabara kuu
nguzo ina vitufe viwili.
Kimoja chini, cha mwenda kwa miguu.
Kimoja juu kabisa,
pale mkono wa mpanda farasi unapofika bila kuinama.
Siku ya kwanza nilisimama nikakikodolea macho kama mshamba.
Mji uliofikiria hata hilo!

Mzee Cleophus Gantt hakuona ajabu.
Babu yake alitembeza farasi wa mashindano, na baba yake,
naye tangu ana miaka kumi na mitatu
anatembea kushoto kwa farasi wa watu.
Kwa kusikia tu anajua ukwato upi umelegea msumari.
"Mimi ni wa kitufe cha chini," aliniambia,
"tangu kilipowekwa."
Alisema kama unavyotaja saizi ya kiatu.

Alhamisi iliyopita alimaliza kazi.
Keki ililiwa. Hotuba ya mwenye banda ikawa ndefu.
Kisha mzee akamtandika Tansy, taratibu,
akakaza mkanda, akaulegeza, akaukaza tena,
akapindua ndoo, akaikanyaga, akapanda.
Nikashika hatamu mimi, mguu kwa mguu, mpaka barabarani.
Hakusema neno.
Goti lake moja lilikuwa likitetemeka,
sijui kama ni uzee.

Kwenye taa akavua glavu.
Akabonyeza.
Malori yakasimama, na basi la shule,
na gari jeupe la mtu aliyekuwa na haraka,
pande zote mbili, kimya.
Njia ilikuwa wazi.
Akabonyeza tena.