Mistari Myekundu

"Mama Zuhra, shika skrubu hizi zisipotee,"
akanimwagia nne kiganjani,
ndogo kama mbegu za bilinganya.
Mhina akaitoa ile diski ya zamani, nzito,
iliyokuwa ikikoroma tangu mwaka jana
hadi wateja wakauliza: humo ndani mna panya?

Mpya ni nyembamba kama biskuti ya chai.
Nikaitikisa sikioni. Kimya.
"Haina kinachozunguka," akasema.
Elfu sabini na tano, nikawaza, kwa kitu kisichozunguka.

Flashi ikachomekwa. Kioo kikawa cha buluu,
kikaanza kutuhoji kama karani wa uhamiaji:
Lugha? Nchi? Kibodi ya aina gani?
Saa za wapi?
Tukatafuta Tanga, tukatafuta Dar es Salaam,
tukateremka na orodha hadi Nairobi.
"Bonyeza hapo hapo. Jua letu ni moja."

Kisha asilimia.
Kumi na mbili. Kumi na mbili. Thelathini.
Nadhani Barabara ya Kumi na Tatu nzima ilikuwa ikichomelea mageti,
maana taa ilipepesa mara mbili
nami nikajikuta nasoma dua ya safari.
Mhina alikuwa akimenya chungwa.
"Umeme ukikatika?"
"Tutaanza upya."
Alilisema hilo *upya* kana kwamba ni mahali,
hapo Chuda tu, unakwenda kwa baiskeli.

Haukukatika.
Zamani niliiwasha nikaenda kununua mihogo,
nikala, nikanawa, nikaikuta bado inafikiri.
Sasa nabonyeza, imeshafunguka.
Waja leo waondoka leo: hii ni ya Kitanga kweli.
Mhina akachukua pesa zake na maganda yake, akaenda.

Mteja wa kwanza alitaka barua ya kiwanja.
Nikaandika: *Mimi, Shekuwe Kilua, mkazi wa Mabokweni,
ninayepakana na shamba la marehemu Mwantumu Kizenga*,
na chini ya kila jina ukapita mstari mwekundu,
chini ya Mabokweni, mstari,
hata chini ya *mkazi*, hata chini ya *shamba*.

Hapo ndipo nikajua kilichotolewa.
Si mafaili. Mafaili Mhina aliyahamisha, nimeyahesabu.
Ni ile kazi yangu ya miaka kumi na moja:
jina likipigwa wekundu, nabofya, nachagua,
*ongeza kwenye kamusi*,
mpaka mashine ikawajua watu wa Ngamiani
kuliko mjumbe wa nyumba kumi.
Ilimjua Mbaruku Shembilu na kesi yake ya minazi.
Ilimjua Bi Somoe, kadi za harusi za mabinti wanne,
na ya yule wa tatu tuliyoichapa mara mbili.
Ilijua Pongwe, ilijua Maramba.

Na hii sasa yaniambia neno limekosewa,
nayo imefika saa nne asubuhi,
haijui hata choo kiko wapi.

Basi. Shekuwe, ongeza. Kilua, ongeza.
Mabokweni, ongeza.
Nilipofika kwa marehemu kidole kikasita.
Yeye hatarudi kuandikisha barua.
Mwenye kiwanja akaniinamia begani:
"Pana kosa?"
"Hapana kosa."
Mwantumu, ongeza.

Ile diski nzito nimeifunga kwa gazeti,
iko kwenye droo, chini ya vitabu vya risiti.
Humo kila mtu ameandikwa sawasawa.
Zuhra aitaka izuie mlango usibamize.
Nimekataa.