Kiasi

Sipigi ramli. Nalisema hilo mapema,
maana shangazi Nives, aliyeniachia karata hizi
ndani ya kopo la biskuti,
aliwapigia wanawake wa kiwandani kwa mayai sita,
na kasisi alimpita njiani kama anayekwepa dimbwi.
Mimi hutoa moja tu, Jumapili,
kahawa ikianza kukoroma jikoni,
kisha naikodolea macho
hadi nayo inikodolee.

Leo imetoka ya kumi na nne.
Inakaa kati ya ile isiyotajwa jina,
kiunzi cha mifupa na fyekeo lake,
na Shetani mwenyewe.
Mahali pabaya pa kupanga chumba.
Lakini huyu malaika kapanga na hana wasiwasi,
mabawa kayakunja kama mwavuli uliokauka,
mitungi miwili mikononi, mmoja wa buluu, mmoja mwekundu,
anamimina.

Husemwa maji hufuata mkondo.
Ya kwake hayafuati. Yanakwenda kando,
yamelala hewani kama kamba ya kuanikia.
Na yakimwagika hayazoleki,
methali isiyomhusu: hamwagi hata tone.

Jina lake liko chini: Kiasi.
Neno la dukani. Kiasi gani? Nipunguzie kiasi.
Neno la daktari na matone yake.
Neno la mama: kila kitu na kiasi chake, Marzia.

Mama Ersilia,
na chupa ya baba.

Baba alitia sufu rangi hapa Biella,
enzi viwanda vilipokuwa vikinguruma kando ya Cervo.
Alirudi usiku, mikono buluu hadi viwikoni,
na kiu ya mtu aliyeshinda ndani ya mvuke.
Glasi ya tatu, aliimba.
Ya tano, viti vilijua njia ya mlango.

Nilikuwa na miaka saba nilipomkuta mama,
mgongo dirishani, saa kumi na moja jioni,
akipunguza mvinyo kwenye sufuria ya nyama,
akiongeza maji ya bomba chupani,
akitikisa, akifuta shingo ya chupa kwa aproni.
Akaniona. Hakusema kitu.
Alinigusa puani kwa kidole kilicholowa,
kikinukia zabibu,
nami nikawa mwizi wa pili.

Akazidisha maji kila wiki, kidogokidogo,
kama anayemzoesha mtoto giza.
Mwaka wa pili viti vilikaa.
Majirani wakasema Delmo umri umempoza.
Kaka yangu Tullio, alipojua, alimwita mama mwongo mezani,
mbele ya wageni, akashika njia ya Ubelgiji.
Miaka kumi na tisa, postikadi nne.

Nimesoma maana za karata hii: subira, suluhu, afya.
Sawa.
Ila hakuna anayeuliza atakunywa nani
kile anachochanganya malaika,
na kama ameambiwa.

Baba, wiki yake ya mwisho hospitalini,
nilimlowanisha midomo kwa pamba.
Akaionja. Akacheka bila sauti.
"Kama mvinyo wa mama yako," akasema.
"Nusu yake mto."
Nikauliza tangu lini.
"Chupa ya kwanza, binti. Mimi ni mtu wa rangi.
Unadhani sijui kitu kilichozimuliwa?"

Hakuwahi kumwambia mama.
Naye mama alikufa akiamini amemdanganya.
Nani basi alikuwa akimimina, na nani alishika mtungi wa pili?
Naigeuza karata juu chini. Maji hayabadiliki.
Hayo hayajui juu wala chini.

Jana Tullio alipiga simu. Anataka kuja Pasaka.
Sauti yake imekuwa ya baba.
Nilitaka kumwambia yote papo hapo, nikameza.
Nitaweka chupa mezani, haijafunguliwa,
na jagi la maji kando yake, waziwazi.
Achanganye mwenyewe.
Kisha nitamsimulia habari ya pamba,
kiasi atakachoweza.

Na kahawa, wakati huu wote,
imefurika jikoni, imezima moto.
Hiyo haizoleki.